Mlimani: Chuo Kilichoutangulia Uhuru

Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Wiki sita kabla ya hapo, tarehe 25 Oktoba, nchi ilikuwa imekwisha kufungua chuo kikuu. Majengo hakikuwa nayo. TANU ilitoa jengo lake katika mtaa unaoitwa leo Lumumba, Dar es Salaam, na humo darasa moja dogo la sheria likaanza, chini ya Chuo Kikuu cha London. Sheria ilitangulia kwa sababu haikuwa ikifundishwa Makerere wala Nairobi, na nchi iliyokaribia kujitawala ilikuwa na mawakili wazalendo wachache mno.

Mwaka 1964 chuo kilihamia kilimani, nje kidogo ya mji, na watu wakakiita Mlimani. Tarehe 1 Julai 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili cha Dar es Salaam, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo.

Maisha ya hapo hayakuwa vitabu tu. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, hasa kukatwa mishahara. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao zaidi ya 300. Siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi walirudishwa masomoni baadaye. Haikupita miezi minne, likaja Azimio la Arusha.

Tangu hapo swali la Mlimani likawa moja: msomi anamtumikia nani? Walter Rodney, mwalimu wa historia kutoka Guyana, alilijibu kwa kitabu chake cha 1972 kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Wanafunzi walilijadili katika jarida lao, Cheche, na lilipopigwa marufuku mwaka 1970 wakaanzisha jingine, MajiMaji. Miongoni mwa vijana waliosoma hapo alikuwamo Yoweri Museveni wa Uganda.

Matunda mengine tunayo hadi leo. Ebrahim Hussein alitupa tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, ambayo huenda imo kabatini mwenu. Julie Manning, mwanamke wa kwanza kusomea sheria chuoni hapo, akawa jaji, na mwaka 1975 Waziri wa Sheria.

Watoto wetu mnaosoma ugenini, jueni kwamba wasomi hao walisomeshwa kwa jasho la wakulima wa pamba, kahawa na mkonge, ambao wengi wao hawakuwahi kukaa darasani. Nanyi mna wazazi wanaokesha kazini ili msome, na mna ndugu nyumbani. Mtakapovaa majoho, swali la Mlimani litakuwa lenu pia.

Heri ya Siku ya Uhuru.