Foleni ya nyumba ya serikali, kutoka kwa Msajili hadi Akheri

Historia ya nyumba za kupanga za serikali Arusha husomeka vizuri zaidi ukiwa nje ya mji. Chukua kifodi cha barabara ya Moshi, pita Ngulelo, shuka Tengeru, kisha pandisha kuelekea Akheri, kwenye mteremko wa Mlima Meru. Katikati ya migomba na mibuni iliyobaki utakuta safu za vyumba vya kupangisha: vinne, sita au vinane, mlango kwa mlango, vikiwa chini ya bati moja na kugawana mita moja ya Luku. Vimejengwa na wenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo, kidogo kidogo, kwa fedha za kahawa, maziwa, pensheni na mikopo ya vikundi. Wanaoishi humo ni walimu, wanachuo, mafundi, mama lishe na walinzi.

Hao ndio watu ambao sera za makazi, tangu Uhuru, zimekuwa zikisema zitawasaidia. Katika baadhi ya nchi mtu wa kipato kama chao huomba vocha: serikali humlipia sehemu ya kodi, naye hutafuta nyumba popote mwenye nyumba atakapokubali. Tanzania ilifuata njia nyingine. Ilijenga nyumba, ikataifisha nyingine, ikazigawa. Msaada ukakaa ndani ya nyumba yenyewe, na aliyekabidhiwa ufunguo akawa ndiye aliyesaidiwa. Mengine yote katika historia hii, yakiwamo foleni, kilemba, wapangaji wa kurithi na safu za vyumba vya Akheri, yametokana na uamuzi huo.

Kabla ya Uhuru

Mji wa Arusha ulikua kulizunguka boma ambalo Wajerumani walilikamilisha mwaka 1900. Kama miji mingine ya Tanganyika, ulipangwa kwa rangi: Uzunguni kwenye bustani na nafasi, Uhindini kwenye maduka yenye makazi juu yake, na Waafrika kwenye maeneo yaliyobaki. Mwafrika alihesabiwa kuwa mtu wa kuja kufanya kazi na kurudi kwao. Kama alipata nyumba, mara nyingi ilikuwa ya mwajiri, na kazi ikiisha na nyumba imekwisha.

Haikuwa kwamba serikali ya kikoloni haikuweza kujenga. Mwaka 1942, chini kidogo ya Akheri, pale Tengeru, iliwapokea wakimbizi wa Poland waliokuwa wamepitia kambi za Urusi. Walifikia takriban 5,000, wengi wao wanawake na watoto, wakawekwa kwenye nyumba ndogo za duara, wakawa na shule, kanisa na hospitali. Makaburi yao yapo Tengeru hadi leo. Miaka michache baadaye, mwaka 1951, serikali hiyo hiyo iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 katika ardhi ya Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka 1952 mjumbe wao, Kirilo Japhet, akapeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa, New York. Kwa wazee wa Meru, basi, neno la serikali kuhusu mahali pa kuishi lilikuwa na historia nzito hata kabla nchi haijapata bendera yake.

Shirika, Azimio na Msajili

Mwaka 1962, ndani ya mwaka wa kwanza wa Uhuru, Bunge lilipitisha sheria iliyounda Shirika la Nyumba la Taifa. Kazi yake ilikuwa kuvunja vibanda vibovu vya mijini na kujenga nyumba bora za bei nafuu, nyingine za kupanga, nyingine za mpangaji mnunuzi. Mwaka huo huo ikatungwa sheria ya kudhibiti kodi za nyumba.

Arusha ilipewa uzito mpya mwaka 1967. Februari likatangazwa Azimio la Arusha, ambalo pamoja na mambo mengine lilimkataza kiongozi wa TANU au wa serikali kuwa na nyumba ya kupangisha. Desemba mwaka huo mji ukawa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na watumishi wa nchi tatu wakahitaji mahali pa kulala. Sensa ya mwaka huo ilihesabu Arusha watu wapatao 32,000. Viwanda vikafuata, kikiwamo cha matairi cha General Tyre, na mitaa kama Unga Limited na Ngarenaro ikajaa kuliko mipango miji ilivyotarajia.

Hatua kubwa kuliko zote ilikuja Aprili 1971. Sheria ya Utwaaji wa Majengo ilimpa Rais uwezo wa kutwaa jengo lolote lenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000 ambalo mwenyewe hakulikalia lote. Majengo mengi yaliyotwaliwa yalikuwa ya Watanzania wenye asili ya Asia, na kwa jengo lililozidi umri wa miaka kumi hapakuwa na fidia. Familia nyingi zilifunga mizigo zikaenda Uingereza na Canada. Majengo yakawekwa chini ya ofisi mpya, Msajili wa Majumba, na katikati ya Arusha, kama ilivyokuwa Dar es Salaam, Tanga na Moshi, ghorofa ambazo jana zilikuwa za mfanyabiashara zikawa nyumba za Msajili.

Kwa mfanyakazi wa kawaida ilikuwa habari njema. Sasa mtu asiye na ukoo mjini angeweza kuandika barua, kujaza fomu, kueleza kazi yake, mshahara wake na idadi ya watoto wake, kisha akangoja jina lake liitwe. Kodi ilikuwa ndogo, na nyumba ilikuwa na maji ya bomba, umeme na ukuta wa saruji.

Nyumba isiyorudi

Kasoro ya mpango huo haikuonekana mwanzoni. Nyumba za Msajili hazikuongezeka, kwa kuwa kutaifisha hakujengi kitu. Waombaji waliongezeka kila mwaka. Foleni ingeweza kusogea tu endapo waliokuwa ndani wangetoka, nao hawakuwa na sababu ya kutoka.

Miaka ya 1980 shilingi ilishuka thamani na bei za kila kitu zikapanda, lakini kodi ilibaki nyuma. Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya mwaka 1984 iliendelea kumlinda mpangaji asipandishiwe wala kufukuzwa ovyo. Kadiri kodi ilivyozidi kuwa ndogo, ndivyo kitasa cha nyumba ya Msajili kilivyozidi kuwa mali. Mpangaji akihamishwa kikazi alimwacha ndugu ndani. Akistaafu, mtoto aliendelea kulipa kwa jina la baba. Mwingine alihamia nyumba yake aliyoijenga pembeni ya mji, ile ya shirika akaipangisha kwa kodi ya soko, naye akawa analipa ile ya serikali na kuweka tofauti mfukoni. Aliyetaka kuingia bila kungoja alimlipa kilemba anayetoka, na ofisi ikaletewa jina jipya baada ya mambo kwisha.

Ruzuku ilikuwepo, tena kubwa, ila haikuwa na macho ya kuona nani anaihitaji. Ofisa wa cheo cha kati aliyepata ghorofa mwaka 1973 aliendelea kunufaika hata baada ya kujenga nyumba mbili. Dobi, mpagazi au mhudumu wa hoteli aliyefika Arusha mwaka 1985 hakuona hata fomu.

Shirika nalo lilidhoofika. Kodi zilizokusanywa hazikutosha ukarabati, na miongoni mwa waliochelewa kulipa zilikuwamo ofisi za umma zenyewe. Mwaka 1990 sheria iliunganisha Msajili wa Majumba na Shirika la Nyumba la Taifa kuwa chombo kimoja, lakini gharama za majengo yaliyochakaa ziliunganishwa pia. Mwaka 1995 Benki ya Nyumba Tanzania, iliyokuwa ikimkopesha mwananchi ajenge mwenyewe, ikafungwa.

Soko laingia

Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 liliwaruhusu viongozi kumiliki nyumba za kupangisha. Miaka michache baadaye Arusha ilipata mgeni aliyebadili bei: Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda, iliyofanyia kazi katika jengo la mikutano la AICC kuanzia mwaka 1995 hadi ilipofungwa mwaka 2015. Majaji, mawakili na watumishi wake walilipwa kwa dola na walitafuta nyumba za hadhi. Wenye nyumba za Njiro na Sekei walielewa haraka, na ongezeko la kodi likateremka ngazi hadi kwa mpangaji wa chumba kimoja.

Mwaka 2002 ukaanzishwa Wakala wa Majengo wa Serikali, TBA, na wakati huo huo serikali ikawauzia watumishi maelfu ya nyumba zake. Nyumba zilizokuwa zikimpokea kila mtumishi anayehamishiwa mkoani zikawa mali ya aliyekutwa ndani siku hiyo. Uuzaji huo ulizua mjadala mkali bungeni na magazetini kwa miaka mingi. Kisha mwaka 2005 sheria ya udhibiti wa kodi ikafutwa, na Shirika la Nyumba likapewa uhuru wa kujiendesha kibiashara.

Kuanzia mwaka 2010 shirika lilirudi kujenga kwa nguvu, safari hii hasa kwa kuuza. Arusha ikapata maghorofa ya Levolosi, kisha mradi wa Safari City huko Mateves, upande wa magharibi wa jiji. Tangazo la wadaiwa sugu likawa jambo la kawaida, na vyombo vya wasiolipa vikatolewa nje mbele ya kamera. Kwa hesabu za shirika ilikuwa lazima. Kwa mwenye mshahara wa mwalimu, nyumba za kuuza zilikuwa za kutazama kwenye bango.

Mzigo wapandishwa mlimani

Jiji halikungoja. Sensa ya mwaka 2012 ililihesabu watu 416,442, na ile ya 2022 watu 617,631. Vyuo vya ukanda wa Tengeru, kuanzia ualimu wa Patandi na maendeleo ya jamii hadi Taasisi ya Nelson Mandela, vimeongeza maelfu wanaotafuta chumba. Barabara ya njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru imefanya Akheri kuwa kitongoji cha mji, ingawa kiutawala ipo Halmashauri ya Meru.

Maombi ya huku hayana fomu. Dalali anapigiwa simu, anakuonyesha vyumba vitatu, na anachukua kodi ya mwezi mmoja kuwa malipo yake. Baba mwenye nyumba, au mama, anataka kujua unafanya kazi gani, una watoto wangapi, na kama utalipa miezi sita au mwaka. Hapo ndipo wengi hukwama. Mwenye mshahara wa mwezi hana kodi ya miezi sita mkononi, hivyo hukopa kwenye kikoba au kwa riba mtaani, na deni la chumba hulipwa hadi kodi nyingine inapobisha. Viongozi wa serikali wamewahi kuwataka wenye nyumba wapokee kodi ya mwezi kwa mwezi, lakini tamko lisilo na sheria nyuma yake halijamzuia mtu.

Mwenye nyumba naye ana hoja. Kihamba kimegawanywa kwa watoto hadi hakitoshi kahawa, na safu ya vyumba ndiyo pensheni yake. Mpangaji akikataa kulipa, kesi itakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kalenda ya kesi haimlishi mtu. Anaomba kodi ya mbele kwa sababu hana bima nyingine.

Vocha ingesaidia?

Marekani ilianza mpango wake wa vocha za kodi mwaka 1974. Familia hulipa takriban asilimia 30 ya kipato chake, serikali huongeza kilichobaki hadi kiwango kilichowekwa. Faida yake ni kwamba msaada unamfuata mtu: akihama, unahama naye, na kipato kikipanda, unapungua. Hata hivyo katika miji mikubwa orodha za waombaji hufungwa kwa miaka, hufunguliwa kwa siku chache, na majina huchaguliwa kwa bahati nasibu. Kati ya kaya nne zenye sifa ya kupata msaada wa kodi wa serikali kuu, ni kama moja tu hupata. Baadhi ya wenye nyumba huikataa vocha.

Karibu nasi, Kenya imekwenda upande wa kujenga: sheria ya mwaka 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara, mwajiri naye anachangia kiasi hicho, na wanaotaka nyumba hujiandikisha kwenye mfumo wa Boma Yangu. Huko Dar es Salaam, familia 644 za Magomeni Kota zilirudishwa mwaka 2022 kwenye maghorofa mapya yaliyojengwa na TBA, miaka kumi hivi baada ya nyumba zao kuvunjwa. Walirudi kwa sababu majina yao yalijulikana na waliyadai hadharani bila kuchoka.

Hilo la majina ndilo fundisho ambalo Arusha haijalitumia. Vocha na nyumba ya shirika zote huanguka pale foleni inapofichwa ofisini na msaada usipopimwa upya kipato cha mtu kinapobadilika. Serikali ikitaka kumsaidia mpangaji wa Akheri, haihitaji kuanza na ghorofa. Inaweza kuanza na mkataba wa kisheria wa kodi ya mwezi au miezi mitatu, ukiambatana na mfuko wa dhamana utakaomlipa mwenye nyumba pale mpangaji anaposhindwa. Kodi ya mbele ingepoteza sababu yake, na vyumba ambavyo wenye vihamba wameshavijenga vingefikika kwa mwenye mshahara. Orodha ya wanaodhaminiwa ibandikwe kwenye ofisi ya kata, kila mtu aisome na kuipinga. Miaka 60 na zaidi ya kugawa nyumba imetuonyesha kwamba mahali ambapo orodha haionekani, aliyetangulia ndani hubaki ndani.