Akiba ya Kumbukumbu: Berlin 1885, Matrah Leo

Bibi yake mmoja wetu alizaliwa Unguja, akaja Matrah miaka ya 1970, wakati Waomani wengi wa Afrika Mashariki walipokuwa wakirudi. Kwa zaidi ya miaka arubaini alinunua vitambaa na ubani katika soko la Matrah, lile ambalo wenyeji huliita Soko la Giza, akipatana bei kwa Kiarabu bila taabu. Mwaka juzi alipata kiharusi. Alipoanza kusema tena, Kiarabu hakikutoka, kilitoka Kiswahili kitupu. Siku aliyorudi nyumbani alimwambia mjukuu wake, "Niletee mbuzi." Mjukuu akadhani bibi amechanganyikiwa, maana nyumba yenyewe iko ghorofani. Kumbe bibi alitaka mbuzi ya kukunia nazi, ambayo imekaa juu ya kabati la jikoni miaka yote hiyo.

Kisa hicho ndicho kilichotufanya tuandike makala haya, sisi wanachama wanne tunaosoma utangulizi wa saikolojia muhula huu. Darasani historia huanzia Leipzig mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara yake. Tungeweza kubishana hapo, maana maneno nafsi, akili na moyo yana umri mkubwa kuliko maabara yoyote, lakini tunawaachia walimu ubishi huo. Sisi tulinaswa na mlango wa kumbukumbu.

Mwaka 1881 Mfaransa Théodule Ribot alichapisha kitabu juu ya maradhi ya kumbukumbu. Hoja yake ni kwamba kumbukumbu inapoharibika, mambo mapya hutangulia kupotea na ya zamani hubaki. Alitaja visa vya wahamiaji wa Ulaya waliozeekea Marekani, ambao walipokaribia kufa walisali kwa lugha ya utotoni mwao. Tuliposoma hayo tulitazamana. Lakini mwaka 1895 Mfaransa mwingine, Albert Pitres, alipinga: kwa wagonjwa wake, lugha iliyorudi mwanzo ni ile waliyoizoea zaidi, hata kama siyo ya kwanza. Nani amepatia kuhusu bibi yetu? Mjukuu anasema jikoni na kwenye simu na dada zake bibi hakuacha Kiswahili hata siku moja. Kwa hiyo kwake lugha ya kwanza na lugha ya mazoea ni ile ile, na kisa chake hakiwezi kuwaamulia mabwana hawa wawili.

Tatizo letu lilikuwa kwa mjukuu. Bibi alisema, mjukuu hakuelewa. Alikisikia Kiswahili mpaka akafika miaka sita, kisha shule, rafiki na televisheni vikakifunika. Je, kilipotea?

Hapa tunamshukuru Hermann Ebbinghaus, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Berlin, ambaye kitabu chake juu ya kumbukumbu kilitoka mwaka 1885. Hakuwa na watu wa kuwapima, akajipima mwenyewe. Alitunga silabi zipatazo 2,300 zisizo na maana, akazipanga katika orodha, akazisoma mpaka akazijua kwa moyo. Baada ya muda alijifunza upya orodha ile ile na kuangalia saa. Ikiwa mara ya kwanza alitumia sekunde 1,000 na mara ya pili 660, basi ameokoa 340, yaani asilimia 34. Hicho kilichookolewa sisi tunakiita akiba. Baada ya dakika kama 20 akiba yake ilikuwa asilimia 58, baada ya saa moja 44, baada ya siku moja 34. Mtu angetazamia kwamba baada ya mwezi hakuna kitu. Baada ya siku 31 ilikuwa bado asilimia 21. Usahaulifu hukimbia mwanzoni, kisha hutembea. Tena alirudia beti za Byron alizowahi kuhifadhi miaka 22 nyuma, beti alizodhani zimefutika kabisa, akakuta anazijifunza kwa haraka zaidi kuliko beti mpya.

Kasoro yake tunaiona: hakuna mtoto anayelelewa kwa silabi zisizo na maana. Mwaka mmoja tu baadaye, 1886, Berlin ilitoa kitabu kingine cha kumbukumbu, na hiki ni cha mtu wetu. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kuitwa Emily Ruete baada ya kuolewa na Mjerumani, aliwaandikia watoto wake habari za utoto wake. Anaeleza kwamba Beit al-Mtoni kulisemwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, lakini mbele ya baba yake, Sayyid Said, kilitakiwa Kiarabu peke yake. Akishageuka tu, kila mtu alirudia lugha yake. Wangapi miongoni mwetu hawaijui nyumba hiyo? Wageni wakiwa sebuleni ni Kiarabu, mlango wa jikoni ukifungwa ni Kiswahili.

Turudi Matrah. Mjukuu hakupimwa kwa saa, wala hatudai kwamba huu ni utafiti. Lakini yeye anatuambia kwamba maneno mapya ya darasani humtoka kesho yake, ilhali kata, ungo, kifuu na chicha aliyasikia kwa bibi mara moja tu, yakakaa, kana kwamba yalikuwa nyuma ya mlango yakingoja kuitwa. Sarufi ndiyo bado. Juzi alikusudia kumfurahisha bibi, akauliza, "Bibi, mbuzi yupo wapi?"

"Huyo yupo mlimani anakula majani," bibi akajibu. "Yangu mimi iko wapi?"