Unga wa Rangi Kabla ya Pasteli

Historia ya pasteli husimuliwa kama mali ya Ulaya. Huanzia kwa Rosalba Carriera wa Venice, aliyepokewa na Akademia ya Kifalme ya Paris mwaka 1720, ikapitia kwa Degas, aliyeipitishia mvuke wa maji ili unga ulainike na kushika upya, hadi kwenye pasteli za mafuta ambazo kampuni ya Sakura ya Japani ilizitoa mwaka 1925. Yote ni kweli. Ila pasteli yenyewe si fumbo: ni rangi ya unga, chaki na gundi kidogo, vikakandwa, vikaviringishwa na kukaushwa. Gundi ikizidi, kijiti huwa kigumu na kukwaruza karatasi. Ikipungua, humong'onyoka vidoleni. Uzuri wake unatokana na unga kukaa juu ya uso wenye mkwaruzo, bila kufunikwa na kitu. Na ujuzi wa unga na uso, nadai, Kivu ya Kusini, mashariki mwa Kongo, ilikuwa nao bila kuletewa na Carriera.

Ushahidi uko karibu na Katana, mkoani humo, kuliko wengi wanavyodhani. Pale Lwiro, jirani tu, palikuwa na kituo cha IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoundwa mwaka 1947. Mmoja wa watafiti wake, Daniel Biebuyck, aliandika kwa kina kuhusu Warega wa mkoa huo na chama chao cha Bwami. Vinyago vidogo vya mbao vya Bwami, viitwavyo lukwakongo, hupakwa usoni udongo mweupe wa kaolini, kisha hupakwa tena kadiri vinavyotumika, tabaka juu ya tabaka. Sanamu za pembe za ndovu, kwa kawaida, hupakwa mafuta na kusuguliwa mpaka zing'ae. Mbao ina nyuzi na vitundu vya kushika unga. Pembe iliyosuguliwa haina. Watu walioipa kila malighafi matunzo yake walikuwa wameijaribu na kuijua. Wapo watakaosema hiyo ni mila, si sanaa, kwa kuwa weupe ule una maana yake katika daraja za Bwami. Maana hiyo siikatai. Lakini picha za kuta za makanisa ya Italia nazo zilichorwa kwa ajili ya ibada, na hakuna aliyezifuta katika historia ya uchoraji juu ya lipu mbichi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba msanii wa Kongo hachagui, hutumia anachokipata. Kwa Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi katika miaka ya 1970 juu ya vitambaa vya magunia ya unga, uhaba ulikuwa na sauti yake. Lakini tazama karakana ya Le Hangar, aliyoianzisha Mfaransa Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946 huko Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Hapo mlezi alikuwa mmoja na paa moja, ila nyuso za picha zilitofautiana kabisa. Bela aliweka rangi kwa ncha za vidole, alama baada ya alama. Mwenze Kibwanga alijaza picha kwa mistari mifupi iliyosongamana, hata ngozi ya mtu na majani vikaonekana kama vimesukwa. Pilipili Mulongoy alitandaza nukta na vijistari nyuma ya ndege na samaki wake. Kama uhaba ndio ungeamua, au kama mlezi ndiye angeamua, wote watatu wangefanana. Hawakufanana, na sioni maelezo mengine zaidi ya uchaguzi wa msanii mwenyewe. (Wakosoaji wa wakati ule walipenda kuuita uchaguzi huo silika, neno ambalo sijaona likitumiwa kwa Degas.)

Kwa hiyo walimu wa uchoraji wa Katana na Bukavu wasisubiri sanduku la pasteli kutoka ng'ambo ndipo somo lianze. Makaa, chaki ya ubao, udongo uliochekechwa na karatasi ya kaki vinatosha kumwonyesha mwanafunzi jinsi unga unavyoshika hapa na kuteleza pale. Na siku watakapomtaja Degas darasani, wamtaje na Mwenze.