Hedifoni za gharama: Usizihukumu kwa wimbo wa kwanza

Na Mwandishi Wetu

WAPENZI wengi wa muziki waliozoea vipokea sauti vya bei nafuu vinavyouzwa kando ya barabara hupatwa na mshangao wanapovaa kwa mara ya kwanza hedifoni za gharama kubwa. Mara nyingi mshangao huo si wa furaha. Husema sauti ni ndogo, besi haitoshi na fedha zimepotea bure.

Hali hiyo ilimpata pia mwandishi wa makala haya alipoazimwa na rafiki yake, fundi mitambo wa studio, hedifoni aina ya Sennheiser HD 650. Wimbo wa kwanza ulipomalizika alikuwa tayari kuzirudisha. Saa mbili baadaye hakutaka kuzivua.

Tofauti kati ya dakika hizo za mwanzo na saa hizo mbili ndilo jambo ambalo kila anayefikiria kununua kifaa cha aina hii anapaswa kulielewa, kwani linagusa mfuko wake na masikio yake.

Zilikotoka

Kampuni ya Sennheiser ilianzishwa mwaka 1945 na mhandisi Fritz Sennheiser katika kijiji cha Wennebostel, karibu na jiji la Hannover, Ujerumani. Mwaka 1968 ilitoa HD 414, hedifoni za kwanza za muundo wa wazi kuuzwa kwa umma.

HD 650 ziliingia sokoni mwaka 2003, zikifuata nyayo za HD 600 za mwaka 1997. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilitangaza kuiuzia Sonova ya Uswisi biashara yake ya vifaa vya sauti vya watumiaji wa kawaida, na makabidhiano yakakamilika mwaka 2022.

Ndani ya kila upande wa hedifoni hizo kuna kiwambo chepesi kilichoshikizwa kwenye koili ya waya mwembamba, mbele ya sumaku. Umeme wa muziki unapopita katika koili, kiwambo hutikisika na kusukuma hewa kuelekea sikioni.

Muundo wa wazi una maana kwamba mgongo wa hedifoni ni wavu, si kifuniko kizima. Hewa hupita, na sauti husikika kwa ulaini zaidi. Hata hivyo, aliyeketi jirani husikia wimbo wako, nawe husikia kelele zake. Kwa sababu hiyo, hedifoni hizi hazifai ndani ya daladala wala katika ofisi yenye watu wengi.

Kwa nini sauti ilikuwa ndogo

Sababu ya kwanza ni umeme. HD 650 zina ukinzani wa omu 300, wakati vipokea sauti vingi vya simu vina omu 16 au 32. Simu ya kawaida haina nguvu ya kutosha kuziendesha inavyopaswa, na simu nyingi za sasa hazina hata tundu la kuchomeka waya.

Fundi alipoziunganisha na amplifaya ndogo ya mezani, ngoma zilipata uzito na sauti ya mwimbaji ikasogea mbele. Mnunuzi anapaswa kuijumuisha gharama ya kifaa hicho katika hesabu zake kabla hajalipia hedifoni.

Sababu ya pili ni mazoea. Vipokea sauti vingi vya bei nafuu huongezwa besi na ukali ili vivutie haraka. Waswahili husema mzoea punda hapandi farasi. Sikio lililozoea besi iliyotiwa chumvi huiona besi halisi kuwa chapwa. Pamoja na hayo, ni kweli kwamba besi ya chini kabisa ya HD 650 hupungua, na anayependa mtikisiko wa disko hatauona hapo.

Kilichosikika

Katika taarabu ya Culture Musical Club ya Unguja, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1958, ganuni ilijitenga na udi, na fidla zikaacha kuwa sauti moja nene iliyochanganyika na akodiani. Pumzi ya mwimbaji kabla ya kuanza ubeti ilisikika wazi.

Kasoro nazo zilijitokeza. Vyombo vilionekana kukusanyika karibu na kichwa badala ya kutandazwa kama jukwaani. Vilevile, hedifoni mpya za aina hii hubana mashavu, ingawa uzito wake ni gramu 260 tu.

Funzo kubwa lilitoka kwenye nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, mwanamuziki aliyefariki dunia mwaka 1979. Nakala iliyokuwapo ilikuwa imenakiliwa mara nyingi, na kila mkwaruzo, kila mahali ambapo gitaa lilikatwa makali, palisikika. Hedifoni bora haziitengenezi rekodi mbovu, bali huifichua.

Namna ya kujaribu

Chagua nyimbo tatu au nne unazozifahamu vizuri, na ziwe katika nakala safi. Wimbo mgeni hauwezi kukuonyesha kilichobadilika.

Linganisha hedifoni mbili kwa kiwango kimoja cha sauti. Mwaka 1933 watafiti Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Marekani walionyesha kwamba sauti ikiwa ya chini, sikio huisikia besi hafifu kuliko sauti za kati. Ndiyo maana kinachopigwa kwa nguvu zaidi huonekana bora, hata pale ambapo si bora.

Zivae kwa saa moja au zaidi, kisha urudie zile za zamani. Mara nyingi tofauti hudhihirika wakati wa kurudi, wala si wakati wa kwenda.

Aidha, usiichukulie bei kuwa kipimo pekee. Kwa miaka mingi HD 650 ziliuzwa Marekani kwa bei rasmi ya takriban dola 500. Mwaka 2016 kampuni ya Massdrop ya nchini humo ilitangaza HD 6XX, zilizotokana na hedifoni hizo hizo, kwa takriban dola 200.

Tahadhari

Muziki unaosikika bila makali humshawishi msikilizaji kuongeza sauti pasipo kujua. Mwongozo uliotolewa mwaka 2019 na Shirika la Afya Duniani (WHO) pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) unaeleza kwamba mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 hadi saa 40 kwa wiki. Kwa desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa nne.

Chembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikishakufa haziote tena, na hakuna hedifoni ya bei yoyote inayoweza kuzirudisha.

Hedifoni zimekwisharudi kwa mwenyewe. Mwandishi hajanunua zake. Ameanza kwa kutafuta nakala nzuri za nyimbo anazozipenda, ambazo hata kwa vipokea sauti vyake vya zamani zinasikika vizuri kuliko awali.