Utemini na Timu za Namfua

Kwa wakazi wengi wa Utemini, kata ya Manispaa ya Singida, uwanja wa mji ni Namfua tu, ingawa siku hizi unaitwa Liti.

Hapo ndipo ilipochezea Singida United, klabu ya tangu 1972, iliporudi Ligi Kuu mwaka 2017 chini ya Mholanzi Hans van der Pluijm. Juni 2018 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho jijini Arusha, ikalala 3-2 kwa Mtibwa Sugar. Mwaka 2020 ikashuka daraja. Pigo kubwa hilo, maana ilikuwa timu ya nyumbani hasa.

Baada yake ikaja Singida Big Stars mwaka 2022. Singida Black Stars ya 2024 nayo ilitokana na timu ya Ihefu ya Mbarali.

Mechi za ugenini hutazamwa kwenye vibanda umiza, mabenchi yamebanana, nje kuku wa kienyeji wakikaangwa kwa mafuta ya alizeti.