Gharama ya Nafasi Tupu

Sisi tuliolelewa kuhesabu kila punje hatupendi kuona chumba kikikaa bure. Ndiyo maana historia ya jedwali la hashi hunivutia: ni historia ya watu waliokuwa na nafasi ndogo mno, nao wakajifunza kuiacha sehemu yake tupu.

Januari 1953 Hans Peter Luhn, Mjerumani aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, aliwaandikia wenzake waraka. Badala ya kupekua orodha nzima ukitafuta jina, alisema, lifanyie jina lenyewe hesabu, na jawabu likuonyeshe kisanduku lilimowekwa. Majina mawili yakiangukia kisanduku kimoja, yafungwe pamoja kama mnyororo. Mwaka 1954 Gene Amdahl, Elaine McGraw, Nathaniel Rochester na Arthur Samuel, wa kampuni hiyo hiyo, walishika njia nyingine: jina likikuta kisanduku kina mwenyewe, lisogee mpaka lipate kitupu. Kompyuta ya wakati wao, IBM 701, ilikuwa na kumbukumbu ya maneno 2,048 tu. Hebu fikiri, msomaji, kuacha visanduku vitupu katika umaskini wa namna hiyo!

Lakini bahili wa nafasi hulipa kwa muda. Mwaka 1963 Mmarekani Donald Knuth aliikokotoa njia hii ya kusogea. Jedwali likijaa nusu, jina lililomo hupatikana kwa wastani wa kufungua visanduku 1.5, na lisilokuwamo huhitaji 2.5 mpaka ujue kwamba halimo. Likijaa asilimia 90, hesabu hupanda kuwa 5.5 na 50.5. Fungua visanduku hamsini, na unayemtafuta hayumo! Sababu ni kwamba vilivyojaa hujipanga makundi makundi, na kundi lililo refu ndilo linaloelekea zaidi kurefuka.

Idadi yenyewe nayo ina siri yake. Arnold Dumey aliandika mwaka 1956 kwamba tugawanye kwa namba tasa, na baki liwe anwani. Tuseme kuna wafanyakazi 500, namba zao zikipanda kwa kumi kumi: 10, 20, 30, hadi 5,000. Ukiwa na visanduku 1,000, mabaki yote huishia na sifuri. Watu wote hubanana katika visanduku 100, watano watano, na 900 hubaki bila mtu. Ongeza 9 tu, viwe 1,009, ambayo ni namba tasa, na kila mmoja atapata chake. Nilikaa na kalamu nikaihakiki, na mpaka leo naiona kama kiinimacho.

Siku hizi wengi wameziacha namba tasa. Huchagua 16, 32 au 64, ambazo mashine huzigawa upesi, ila kwanza huzivuruga vizuri namba za majina. Jedwali la HashMap katika lugha ya Java huanza na visanduku 16. Majina yakizidi 12, halingoji kujaa, bali huwa na visanduku 32, na wote hupangwa upya.