Kikombe cha Held: Mjadala wa Mgusano wa Seli za Neva katika Njia ya Usikivu, 1893–1995

Historia ya sayansi ya ubongo aghalabu husimuliwa kama ushindi wa Santiago Ramón y Cajal dhidi ya Camillo Golgi, waliogawana Tuzo ya Nobel mwaka 1906 huku misimamo yao ikipingana. Golgi aliuona mfumo wa neva kuwa wavu mmoja ulioungana. Cajal aliuona kuwa mkusanyiko wa seli zinazojitegemea, zinazogusana bila kuungana. Insha hii inadai kuwa masimulizi hayo yanaficha jambo moja muhimu: sehemu ya ushahidi ulio wazi kabisa kuhusu mawasiliano ya seli hizo ilitokana na ugunduzi wa mtu aliyekuwa upande ulioshindwa.

Mtu huyo ni Hans Held, mwanaanatomia wa Leipzig. Mwaka 1893, kwa kutumia mbinu ya Golgi ya kutia seli rangi, alichunguza njia ya usikivu katika shina la ubongo. Alieleza kuwa katika kiini cha mwili wa trapezoidi nyuzi nene huishia kwa kuikumbatia seli inayopokea, mfano wa kikombe cha ua. Mwaka 1897 alidai kuwa, mnyama anapokomaa, mwisho wa uzi huungana na seli hiyo. Mwaka huohuo neno sinapsi lilichapishwa kwa mara ya kwanza na Charles Sherrington, katika kitabu cha fiziolojia cha Michael Foster.

Mgogoro huu haungeweza kutatuliwa kwa hoja pekee, kwa kuwa hadubini ya mwanga haina uwezo wa kuonyesha mwanya mdogo kiasi hicho. Hadubini ya elektroni ndiyo iliyoudhihirisha katika miaka ya 1950: nafasi ya takriban nanomita 20 kati ya seli na seli. Mwaka 1966 Lenn na Reese walieleza muundo wa ndani wa miisho ya neva katika kiini kilekile alichokichunguza Held. Dai la muungano likakosa msingi.

Hata hivyo, kikombe chenyewe hakikutupwa pamoja na dai hilo. Miisho mingi ya neva katika ubongo wa mamalia ni midogo mno kuweza kupimwa moja kwa moja, ilhali kikombe hiki ni kikubwa kiasi cha kufikiwa na pipeti ya kioo. Mwaka 1994 Ian Forsythe alirekodi umeme ndani yake katika vipande vya ubongo wa panya. Mwaka 1995 Borst, Helmchen na Sakmann walirekodi pande zote mbili za sinapsi kwa wakati mmoja. Hivyo hatua za mawasiliano ziliweza kufuatiliwa kwa mpangilio: msukumo wa umeme hufungua milango ya kalsiamu, kalsiamu huchochea kumwagwa kwa glutamati, na seli ya pili huitikia katika muda usiofikia milisekunde moja. Kasi hiyo ina maana katika usikivu, kwani ubongo hutambua sauti inakotoka kwa kulinganisha tofauti ndogo mno baina ya masikio mawili.

Kwa kuhitimisha, Held alikosea katika tafsiri, si katika uchunguzi. Mwanahistoria anayewapima wanasayansi kwa nadharia zao tu atamweka Held miongoni mwa walioshindwa, na kwa kufanya hivyo atashindwa kueleza kwa nini sinapsi iliyothibitisha kosa lake bado inaitwa kwa jina lake.